Nipige picha kwa simu kimyakimya, au nisubiri kibali?

BARUA

Shikamoo mama,

Mwangaluka kutoka Nyamanoro, Mwanza. Mimi ni binti wa miaka 23, nasoma stashahada ya sanaa za ufundi na nimebakiza mradi wa mwisho tu nihitimu. Mjomba wangu alinitafutia kazi ya mkataba katika maktaba ya makumbusho moja huku kwetu Kanda ya Ziwa, nikaanza mwezi jana. Nashukuru, maana wenzangu wengi wanazunguka na vyeti mkononi. Lakini nimekwama, na nyumbani simuoni wa kumweleza akanielewa.

Chuoni walinizoea kama yule dada wa makorokoro. Nimewahi kushona pazia zima kwa vipande vya nyavu chakavu nilizopewa Mwaloni, Kirumba. Nachonga mihuri kwenye soli za kandambili zilizokwisha, napaka wino, nagonga kwenye kitambaa. Ninachokipenda kuliko vyote ni karatasi ya magugumaji. Nayakusanya ufukweni, nayakatakata, nayachemsha na majivu mpaka yalainike, natwanga kwenye kinu, halafu lile rojo nalimwaga juu ya wavu wa dirisha na kulianika. Inatoka karatasi ya kahawia, ngumu kidogo, yenye nyuzinyuzi unazoziona ukiinyanyua kwenye jua. Mradi wangu wa mwisho ni kitabu cha mkono cha karatasi hiyo, kuhusu wanawake wacheza ngoma wa zamani.

Kazini mambo ni mengine kabisa. Asubuhi nafuta vumbi. Kisha nagonga mihuri, naandikisha vitabu kwenye daftari, nabandika namba mgongoni. Siku nzima ni 390, 709, 967.8, mpaka usiku naziota. Nikirudi nyumbani nakaa mbele ya kinu changu na mikono inagoma. Tangu nianze kazi sijatoa karatasi hata moja.

Sasa shida yenyewe. Kwenye kabati la nyuma kuna albamu za picha za enzi za mkoloni, nami niliagizwa kuhesabu kurasa zake. Kuna ukurasa mmoja mweusi wenye picha kadhaa. Ya kwanza ni bwana wa Kizungu amesimama na mbwa wake, na chini, kwa penseli nyeupe, limeandikwa jina la bwana na jina la mbwa. Pembeni yake yupo mwanamke. Ana jembe begani, njuga miguuni, shanga shingoni, anamtazama mpiga picha kama mtu aliyesimamishwa akiwa na haraka zake. Chini yake wameandika kwa Kiingereza maneno ya kusema huyu ni mcheza ngoma wa Usukuma. Basi. Mbwa ana jina, mama yule hana.

Mama, ile picha sijaiacha akilini tangu siku hiyo. Ndiyo ninayotaka kitabu changu chote kiizunguke. Nilimwomba mkutubi wetu, ni mama mkali lakini wa haki, akasema picha haitoki wala haipigwi bila kibali cha mkuu, na kwamba atamwambia. Nasubiri mpaka leo. Mwalimu anayenisimamia chuoni anasema najichelewesha bure: "Simu unayo, ufunguo wa kabati unao, piga umalize, nani atajua?" Kuwasilisha ni mwisho wa mwezi ujao.

Juzi tena mkutubi alinikuta nachora sura ya yule mama nyuma ya kadi ya katalogi, akaniambia, "Binti, hapa si karakana." Mjomba alipozipata habari akasema niache kuchorachora, nishike mshahara.

Nipige picha kimyakimya? Au niache kazi nirudi kwenye sanaa yangu kabla haijafa kabisa?

Binti wa Magugumaji, Nyamanoro

JIBU

Marahaba mwanangu, mwangaluka mhola.

Usipige. Nimeanza na jibu kwa sababu najua simu iko karibu.

Ufunguo wa kabati ulipewa ili uhesabu kurasa. Siku picha ile ikitundikwa chuoni, mtu yeyote anayezijua kazi za makumbusho atauliza imetoka wapi, albamu namba ngapi, kwa idhini ya nani, nawe hutakuwa na la kuandika chini yake. Unataka kutengeneza kitabu cha kulalamikia picha isiyo na maelezo, halafu uweke ndani yake picha isiyo na maelezo. Mwalimu wako ni mtu mzima mwenzangu na simvunjii heshima, ila hapa amekupoteza. Anayeshika ufunguo ni wewe, na kesi ikija haitakuwa yake.

Kuna na sheria. Kuwa na karatasi ya picha kabatini si sawa na kuwa na haki ya kuitumia picha hiyo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa kanuni yake ya jumla, inailinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo picha ya miaka ya 1930 inaweza kuwa huru leo na inaweza isiwe, kutegemea aliyeipiga alifariki lini. Hata kuichora kwa penseli vilevile ilivyo bado ni kuinakili, usidhani penseli imekuokoa. Makumbusho huwa yanatunza hati za kupokelea vitu: nani alileta albamu, mwaka gani, kwa masharti yapi. Muombe mkutubi akuonyeshe hiyo. Mkikwama, COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ndio watu wa kuuliza, na kuuliza hakuna gharama.

Sasa hilo "subiri". Ombi la mdomo ofisini halina tarehe, kwa hiyo halicheleweshwi, linasahauliwa tu. Andika barua ya ukurasa mmoja kwenda kwa mkuu, kwa kupitia kwa mkutubi, na jina la cheo chake liandikwe kabisa pale juu kwenye "K.k." ili asione umemruka. Taja namba ya albamu, ukurasa, na picha unayoitaka. Sema itatumika wapi, kwa ukubwa gani, nakala ngapi, na kwamba huuzi. Andika neno kwa neno maelezo utakayoweka chini ya picha kuyataja makumbusho. Ahidi kuipa maktaba nakala moja ya kitabu. Omba wao wenyewe ndio wapige, au upige mbele ya mkutubi, bila mwanga wa flashi na bila kuibandua kwenye ukurasa. Mwisho taja tarehe unayohitaji jibu. Peleka masjala, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Mkuu anayejibu barua ya namna hiyo hana kazi ya kufikiri, anaandika tu "nakubali" pembeni na kuweka saini. Ofisi nyingi husema subiri kwa sababu aliyeomba amewaachia wao kazi ya kufikiri.

Kuna jambo hukulitaja, nami nalitafuta kwenye barua yako silioni. Umesema shanga shingoni. Hukusema kama kifua kimefunikwa. Wapiga picha wa enzi zile waliwapiga wanawake wetu vifua wazi kwa makusudi, na nyingi ya picha za aina hiyo ziliuzwa kama postikadi. Ikiwa yako ni mojawapo, usiiweke kubwa ukutani hata ukipewa kibali chenye mihuri mitatu. Wajukuu zake huenda wako Magu au Kisesa, wanakaa benchi moja na mama yako kanisani. Tumia uso. Tumia mkono ulioshika jembe. Tumia miguu na njuga zake. Mchoraji ana nafasi ya kuchagua nini kionekane, na yule mama siku ile hakupewa nafasi hiyo.

Lakini nilichotaka hasa kukuambia ni hiki: kilichokushika si picha. Soma tena barua yako. Kilichokushika ni lile jina lisilokuwepo. Na kulitafuta jina hilo hakuna mtu aliyekaa mahali pazuri kuliko wewe, msaidizi wa maktaba ya makumbusho, mwenye daftari mbele yake.

Anza na yule bwana na mbwa wake. Jina lake lipo, hilo ndilo la kushika. Kama alikuwa ofisa wa serikali ya Tanganyika, serikali ile ilikuwa hodari wa kuandika: nani yuko wilaya gani, mwaka gani, amehamishiwa wapi. Nyaraka za Taifa kule Dar es Salaam zina vitabu vya wilaya, vile ambavyo maofisa waliandikamo habari za watemi, ukoo na mila za mahali walipokuwa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina karatasi za Hans Cory, Mwaustria aliyeajiriwa na serikali ya mkoloni kuchunguza mila, aliyeishi hapahapa Mwanza na kufariki 1962. Ukijua bwana wa mbwa alikaa wapi na lini, "Usukuma" yote inakuwa wilaya moja, na miaka yote ya mkoloni inakuwa miwili mitatu. Pengine hata jina la mbwa litakusaidia. Mzee mmoja kijijini anaweza kumsahau bwana shauri lakini asimsahau mbwa aliyewauma.

Halafu vaa viatu utoke. Nenda Bujora, pale Kisesa, kilomita kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Lile jengo lenye umbo la kiti cha mtemi bila shaka umeliona ukiwa shule ya msingi, kila mtoto wa Mwanza amepelekwa kule na basi. Safari hii usitazame jengo. Tazama njuga, majembe na shanga, na uulize: njuga za namna hii zilivaliwa ngoma ipi? Jembe begani ni la bugobogobo, ile ngoma ya majembe, au mpiga picha alimpa ashike tu? Alikuwa upande wa Bagika au wa Bagalu, yale makundi mawili ya wacheza ngoma? Ukibahatika iwe Juni, wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo, pande hizo mbili zinashindana mchana kutwa na akina mama wazee wako kila pembe. Kaa nao. Usifike na kinasa sauti mkononi siku ya kwanza. Wapelekee sukari, waeleze unachotafuta, na uwaache wabishane wenyewe, kwa sababu bibi mmoja akikosea jina la ngoma mwenzake hawezi kunyamaza.

Huenda usilipate jina. Nakwambia mapema. Lakini utakuwa umepata ngoma, wilaya, mwaka, labda jina la kundi, na sauti za akina bibi waliokusaidia kutafuta. Hayo tu yanajaza kitabu cha magugumaji, na ni yako, hayakutoka kabatini kwa mtu.

Utakachokipata kirudishe maktaba pia. Yale maandishi ya penseli nyeupe usiyafute hata kama yanakuudhi, ni ushahidi wa jinsi walivyotutazama. Taarifa mpya huandikwa kwenye karatasi ya pembeni: nani kasema, tarehe gani, amekubali jina lake litajwe au la. Mkutubi wako atajua pa kuiingiza.

Unalalamikia namba. Hebu zitazame. Kwenye mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, 709 unayoibandika ndiyo historia ya sanaa, yaani wewe mwenyewe. 967.8 ni Tanzania. 390 ni mila na desturi, na ngoma za kienyeji ziko 793.3. Mama yule angepelekwa kwenye moja ya hizo mbili za mwisho, na ndivyo ilivyokuwa kwa wengi kama yeye. Namba ya wasifu wa watu ni 920, na huko huingii bila jina. Mimi ningekuwa mwanafunzi wa sanaa, ningeanza kitabu changu na ukurasa wa namba hizo. Ungeweza kuchonga 390 na 920 kwenye kandambili na kuzigonga kwenye karatasi yako kabla hata ya kuchora picha juu yake.

Wapo waliofanya kazi za namna hii kabla yako. Mwaka 1992, huko Baltimore, Marekani, msanii Fred Wilson alialikwa kufanya onyesho ndani ya makumbusho ya historia ya Maryland kwa kutumia vitu vyao wenyewe. Akatoa vyombo vya fedha vilivyonakshiwa vizuri, vya kunywea vya matajiri, na katikati yake akaweka pingu za chuma za watumwa. Kibandiko kiliandikwa tu kwamba ni kazi za metali, na miaka yake. Hakuongeza neno la kulaumu. Watu walisimama pale wakaelewa. Vyote vilikuwa mali ya nyumba moja, vyombo na pingu, ila hakuna aliyewahi kuviweka pamoja. Na Wilson alipokuwa mwanafunzi aliwahi kufanya kazi ya ulinzi wa makumbusho, hivyo alikuwa na muda wa kutosha kutazama nini kinawekwa mbele na nini kinaachwa stoo. Angeingia usiku na kamera, wale watu wasingempa stoo yao.

Kuhusu hofu yako kwamba kazi itaiua sanaa: Marcel Duchamp, yule msanii Mfaransa aliyewasumbua watu kwa kuleta beseni la kukojolea kama kazi ya sanaa mwaka 1917, alikuwa msaidizi wa maktaba ya Sainte-Geneviève jijini Paris kuanzia 1913. Na ni mwaka huohuo wa 1913 alipochomeka gurudumu la baiskeli juu ya stuli. Sisemi uwe Duchamp. Nasema mikono yako imechoka tu, mwezi wa kwanza wa kazi yoyote unachosha, hata ya kuuza dagaa. Kutwanga na kuanika ni kazi ya Jumamosi, siku za kazi hata usikisogelee kinu. Jioni chonga muhuri mmoja mdogo, ulale. Karatasi ikikauka ikauke kabisa, na usije nayo maktaba ikiwa mbichi, kuvu ikiingia kwenye zile albamu hutapewa hata ufunguo wa choo.

Usiache kazi. Uamuzi wa kuacha ukiuchukua kabla ya kuwasilisha mradi utakuwa umepoteza mshahara, kabati na mkutubi kwa mkupuo mmoja. Maliza mkataba ndipo upime. Na ukijikuta unaipenda kazi yenyewe, kuna chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka Bagamoyo. Wasanii wanaojua kutunza nyaraka hapa nchini si wengi.

Lile la karakana, mkutubi yuko sahihi. Ile ilikuwa saa ya kazi na ile kadi ni mali ya maktaba. Nenda kwake kesho asubuhi kabla hajakaa, muamkie vizuri, umwombe radhi kwa ajili ya kadi, kwa ajili ya kadi tu. Kuchora hakuna radhi. Kisha umuulize kama saa ya chakula unaweza kukaa chumba cha wasomaji kama msomaji mwingine, na penseli, bila kalamu ya wino karibu. Sijawahi kumwona mkutubi anayemkatalia mtu aliyetaja penseli mwenyewe kabla ya kuambiwa. Na barua yako kwa mkuu inapita mezani kwake, kumbuka.

Mjomba usibishane naye. Amekuombea kazi kwa jina lake, akisikia umegombezwa anaona ni yeye aliyegombezwa. Mwambie mmeyamaliza na mkutubi, inatosha. Siku ya kuwasilisha mwalike, na umkalishe mbele.

Na mwalimu wako mpelekee nakala ya ile barua yenye mhuri wa masjala wiki hii hii, usingoje jibu. Akiona tarehe ataona hukukaa bure, na kama itabidi akuombee muda wa nyongeza idarani atakuwa na karatasi ya kushika kabla siku yenyewe haijafika.